Mgonjwa Aliyeghafilika na Upande wa Kushoto

Katika nyumba zetu hutokea jambo liletalo ugomvi bure. Mzee amepatwa na kiharusi, kisha Mwenyezi Mungu akamjaalia nafuu akarudi kwake. Akitengewa wali, hula nusu ya sahani iliyo kuume, na nusu ya kushoto akaiacha kama ilivyopakuliwa. Kisha hunung'unika ya kwamba amepunjwa. Mkewe akimsemesha kutoka kushoto, hajibiwi. Akivaa kanzu, mkono mmoja husahauliwa nje. Hapo huyu husema mzee amekuwa mkaidi. Yule husema ana kinyongo na mkewe. Na wa tatu huharakia kutaja majini. Maneno hayo huweza kuwa dhuluma kubwa juu ya mgonjwa.

Yatupasa kwanza tujue ya kwamba jicho peke yake halioni. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir ya kwamba mwanga hutoka kwenye vitu ukaingia jichoni, na ya kwamba kuvitambua vitu hivyo hutimia ndani ya ubongo. Madaktari wa leo wamezidi kulifafanua jambo hili. Sehemu ya ubongo iliyo kisogoni hupokea habari za macho, na sehemu nyingine humwelekeza mtu kwenye vitu vilivyomzunguka. Nusu ya kuume ya ubongo ndiyo yenye kazi kubwa ya kuuangalia upande wa kushoto. Damu ikizuiwa isifike hapo, macho huweza kubaki mazima, ilhali upande wa kushoto umetoweka katika fahamu. Mgonjwa haoni giza upande huo. Kwake yeye ni kana kwamba upande wenyewe haupo. Ndiyo sababu hajui ya kuwa kuna kitu anachokikosa, na kubishana naye hakufai kitu.

Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Italia, Bisiach na Luzzatti, walieleza habari za wagonjwa wa namna hii katika mji wa Milan. Waliwataka wafikiri kwamba wamesimama katika uwanja mkuu wa mji, wakilielekea kanisa kubwa, kisha wayataje majengo yaliyopo. Wakataja yaliyo kuume. Halafu wakatakiwa wafikiri kwamba wamesimama penye kanisa hilo wakilipa mgongo. Sasa wakayataja yale waliyoyaacha mwanzo, na yale ya mwanzo wakayaacha. Basi majengo yote yalikuwamo katika kumbukumbu zao. Kilichopotea ni kuuelekea upande wa kushoto, hata katika mawazo.

Na mwaka 1988, huko Uingereza, Marshall na Halligan walimwonyesha mwanamke mwenye maradhi haya picha mbili za nyumba, moja ikiwaka moto upande wa kushoto. Akasema picha zote mbili ni sawa. Alipoulizwa angependa kukaa katika nyumba ipi, aliliona swali hilo kuwa la upuuzi. Hata hivyo, aghalabu alichagua ile isiyowaka. Kumbe habari ya moto ilikuwa imeingia ndani yake, ila yeye mwenyewe hakuarifiwa.

Sisi wasomeshaji tunaweza kuyatambua maradhi haya katika kusoma. Mgonjwa akishika Msahafu huanza mstari vizuri, kwa kuwa Kiarabu huanzia kuume, lakini huweza kukatisha kabla ya kuufikia mwisho. Akishika kitabu cha Kiswahili, huyaacha maneno ya mwanzo. Asiyejua atasema mzee amesahau kusoma.

Basi afanyeje mwenye mgonjwa? Mgeuzie sahani, naye ataiona nusu iliyobaki. Ukitaka kusema naye, anzia kuume upate kusikilizwa, kisha umvute taratibu aelekee kushoto, maana upande ule wahitaji mazoezi. Pigia mstari mwekundu pembeni mwa karatasi upande wa kushoto, umfundishe kuutafuta kwanza. Akitawadha, mkumbushe mkono wa kushoto na mguu wa kushoto. Usimwache avuke barabara peke yake, wala aendeshe baiskeli au gari, wala akae karibu na moto pasipo mwangalizi. Wengi hupata nafuu katika wiki na miezi ya mwanzo. Wengine hubaki na athari, nao huhitaji subira ya muda mrefu.

Nanyi vijana, lishikeni hili: mtu akipinda uso ghafla, au mkono ukamlegea, au maneno yakamtatiza, apelekwe hospitali saa ile ile. Dua na iombwe njiani, wala safari isingojee kesho, kwa sababu kila saa ipitayo huharibu sehemu nyingine ya ubongo.

Tumezoea kukemea mughafala katika mawaidha yetu, na ni haki. Lakini kughafilika kwa mgonjwa huyu si kule kwa moyo. Qur'ani Tukufu, katika Surat Nnur, aya ya 61, imemtaja mgonjwa pamoja na kipofu na kiwete miongoni mwa waliondolewa lawama. Aliyeondolewa lawama na Mola wake, sisi watu wa nyumbani tunamlaumu kwa haki gani? Mke asiyejibiwa na asogee upande wa kuume. Huenda akamkuta mumewe akimngoja.

Wabillahi tawfiq.