Nesi mwenye diploma asirudishwe mwaka wa kwanza

 

Leo naweka desa pembeni. Kuna jambo sisi tuliotoka kazini tunalizungumza kila jioni pale kantini, kisha tunalala nalo. Acha nilitoe hadharani.

Kwa wageni: mimi ni nesi. Uuguzi niliusomea Lugarawa, wilaya ya Ludewa, kule milimani ambako baridi haina mjadala. Nikafanya kazi wodini miaka sita, ndipo nikaja hapa Dodoma kutafuta nondo. Nimezalisha, nimeshika zamu za usiku peke yangu, nimefundisha wanafunzi kuweka dripu. Chuoni nikapangiwa mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka form six juzi, na miaka ni ileile minne.

Nawapenda wale vijana, tena ndio walionifundisha kutumia kompyuta vizuri. Lakini tujiulize: diploma ya uuguzi ni miaka mitatu. Ndani yake umeshasoma anatomia, fiziolojia, dawa na misingi ya uuguzi, na Baraza la Uuguzi na Ukunga limekupa leseni ya kumgusa mgonjwa. Ukija chuo kikuu unaanza tena na mifupa ya mkono. Mitatu na minne ni saba. Daktari anasoma mitano!

Sisemi shahada haina jipya. Utafiti, takwimu, uongozi, namna ya kufundisha, hayo wengi hatukuyapata vya kutosha kwenye diploma, na ndiyo yanayobadilisha wodi. Ninachosema ni kwamba tupewe hayo, tusirudishiwe yale.

Na si ndoto. Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekuwa kikiwasomesha manesi wenye diploma, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, kwa mpango wa miaka miwili na nusu huku wakiendelea na kazi. Unaingia darasani siku chache, zinazobaki uko wodini kwako. Tatizo ni kwamba mpango wa namna hiyo unamfaa aliyeajiriwa Dar. Wa Lugarawa atasafiri mpaka Makambako apande basi la Dar, halafu arudi kazini keshokutwa? Haiwezekani.

Wakenya walilifikiria hilo la umbali mapema. Mwaka 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya, pamoja na wadau wengine, walianza kuwapandisha manesi wa cheti kwenda diploma kwa kompyuta, lengo likiwa takriban manesi 20,000. Ile ilikuwa ngazi ya chini ya shahada, sawa, ila wazo ndilo hilo: masomo yamfuate nesi alipo. Leo simu zina intaneti hata Ludewa. Tunashindwa nini?

Sasa pesa. Hapa ndipo wengi wanaachia njiani. Miongozo ya mikopo ya HESLB ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji asiwe na ajira ya mshahara, tena asizidi miaka 35. Kwa hiyo nesi mwenye kazi bumu halimhusu, na akiacha kazi ili alipate, watoto watakula nini? Wa serikalini, mwajiri akimweka kwenye mpango wa mafunzo na kumpa ruhusa, ana nafuu kwa sababu mshahara unaendelea. Wa hospitali za misheni na za binafsi inategemea mwajiri wake, na wengi wanakuja kwa kuuza ng'ombe na kukopa vikoba.

Wapo wanaosema tunataka njia ya mkato, nesi atapewa shahada nyepesi. Jibu langu ni rahisi: tupimeni. Wekeni mtihani wa masomo ya mwaka wa kwanza. Anayefaulu aanzie mwaka wa pili, anayefeli akae na wenzake asome. Mtihani haujui umetoka wapi.

Wengine wanasema tukishapata nondo tutakimbilia mjini. Ni kweli wapo wanaokimbia. Lakini anayekimbia zaidi ni yupi, aliyesomea kwao huku akihudumia wagonjwa wake, au uliyemkalisha mjini miaka minne mpaka akapanga chumba na kuhamisha familia? Mnamtoa wenyewe halafu mnashangaa harudi.

Na kwetu hili si suala la cheo tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 ulionyesha maambukizi ya VVU mkoani Njombe ni asilimia 12.7 ya watu wazima, ya juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa taifa ni 4.4. Wanaoendesha kliniki hizo kila siku ni manesi. Wodi ikipoteza nesi mzoefu kwa miaka minne, anayebaki anashika zamu mbili, na mama anayekuja usiku kujifungua ndiye anayelipia.

Kwa hiyo maoni yangu: vyuo vikuu vya umma vianzishe shahada fupi ya uuguzi kwa walio kazini, nusu mtandaoni, na mafunzo ya vitendo yafanyike kwenye hospitali za mikoa kama Njombe. TCU isimamie ubora, na HESLB iwe na dirisha la walio kazini, wakatwe kwenye mshahara. Si wapo kazini tayari? Kuwapata wala si kazi.

Wakati tunasubiri, wadogo zangu mlioko Lugarawa sikilizeni. Chungeni GPA: ikishuka chini ya 3.0 mlango wa shahada unakuwa mgumu. Soma mwongozo wa TCU wa mwaka unaoomba, maana vyuo vinaangalia pia masomo ya sayansi ya form four. Ruhusa ya kusoma iombe kwa maandishi kabla hujafunga begi, na leseni ya Baraza usiiache ikafa ukiwa chuo.

Nawasilisha. Ngoja nikakimbizane na takwimu, sapu haina huruma kwa mtu mzima.