Chombo cha Shayiri Katika Nchi ya Mahindi

Hapa Ukonga wapo vijana wanne walioungana kuanzisha kiwanda kidogo cha pombe kali. Hawataki gongo la kupikwa vichakani usiku. Wanataka leseni, kama Sheria ya Moshi ilivyoagiza tangu mwaka 1966 (moshi ndilo jina la gongo katika vitabu vya serikali). Malighafi yao ni mahindi na ulezi. Mtaji wao ni kiinua mgongo cha baba wa mmoja wao, na sehemu kubwa ya mtaji huo inakaribia kutumbukia katika pipa moja linalong'aa, ambalo wakala wa mitambo ya ng'ambo amewaonyesha picha yake. Mimi ninalipinga pipa hilo.

Wapo watakaoniuliza: mwalimu mstaafu wa chuo cha ualimu, mzee wa miaka sabini na ushei, una nini na pombe? Sitetei ulevi. Natetea fedha ya mzee mwenzangu, na natetea somo la sayansi tulilolifundisha miaka yote ile.

Hamira hula sukari, haili wanga. Nafaka ni wanga. Kwa hiyo kabla ya pombe lazima uji upikwe, kisha utiwe kimea, ambacho ndicho kigeuzacho wanga kuwa sukari. (Atumiaye molasi haihitaji kazi hii, sukari anayo tayari.) Sasa, pipa la wakala limeundwa kwa ajili ya shayiri. Ndani lina sakafu ya pili yenye matundu. Makapi magumu ya shayiri yakitulia juu ya matundu hayo huwa chujio zuri, na maji matamu hupita. Unga wa mahindi hauna makapi ya namna hiyo, wala wa ulezi hauna. Uji wake utaganda pale kama ugali, na vijana watashinda wakichokonoa kwa vijiti. Waskoti huchuja kwa sababu shayiri yao yachujika. Wamarekani wa Kentucky, ambao sheria yao inataka bourbon itokane na mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, kwa kawaida hawachuji. Huchachusha uji pamoja na machicha yake. Kwa nini basi sisi, wala ugali, tununue chujio la shayiri?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu limo jikoni mwetu. Mama apikaye togwa huivisha uji wa mahindi, huuacha upoe, hutia kimea cha ulezi, na uji mzito hulainika na kuwa mtamu mbele ya macho yake. Huyo ni mhandisi. Anajua kwamba kimea kikitiwa katika uji unaochemka kinakufa. Kipimajoto kingemwongezea jambo moja tu, kwamba nyuzi 65 hivi ndizo zinazokifaa.

Wa upande wa pili wanasema pipa kuukuu la lita 200 latosha, liwekwe juu ya kuni. Hao nawapinga kwa ukali zaidi. Nani ajuaye pipa lile lilibeba nini? Bati lenye zinki huliwa na uchachu. Na moto wa chini huleta ukoko. Ukoko wa wali ni mtamu, lakini ukoko wa uji huu harufu yake hufuata mpaka ndani ya chupa.

Kitakiwacho ni chombo cha chuma cha pua chenye kuta mbili, mvuke ukipita katikati. Mwiko wa mota unaofagia mpaka chini. Bomba la maji baridi lililojikunja ndani, maana lita 500 za uji hazipoi kama bakuli. Na koki pana. Sakafu ya matundu isiwepo. Machicha yakamuliwe kwa kitambaa baada ya kuchacha, wapewe nguruwe.

Na kabla ya kulipa hata shilingi, vijana wamwite wakala aje na pipa lake la maonyesho. Sisi tutaleta debe la unga wa mahindi, kimea, na kichupa cha aidini kutoka duka la dawa. Tone likigeuza uji kuwa buluu nyeusi, wanga bado upo. Likibaki la kahawia, umekwisha. Mtoto wa darasa la sita aweza kuusimamia mtihani huo. Kisha afungue koki yake. Maji matamu yakipita katika matundu yale, nitanyamaza.