Jembe si Tusi

Nimechoka. Kila tukikutana kijiweni kusomeana hadithi, mwenzetu akithubutu kutaja shamba tu, vicheko! "Peleka redioni, kipindi cha kilimo!" "We mshamba nini?" Basi wote tunakimbilia baa, disko, na msichana aliyeachwa kituo cha daladala. Hadithi kumi, msichana yule yule, kituo kile kile.

Hebu niulize, jamani: nani kati yenu amemsoma Aniceti Kitereza? Sisemi kulisikia jina. Nasema kumsoma.

Mzee huyu alizaliwa mwaka 1896, akaishi Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Viktoria. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali aliimaliza mwaka 1945, kwa Kikerewe. Hakupata wa kuichapa. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980. Miaka 35! Mwaka uliofuata akafariki. Sisi hadithi ikikataliwa mara moja tu, tunasusa.

Wajuaji watasema: aa, kile si riwaya, ni kitabu cha mila. Kulima, kuvua, kupika pombe, kurasa kwa kurasa. Nawapinga. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wakwe wanamchukua binti yao. Mume anamtaka huyo huyo, si mwingine. Anaambiwa alete pombe ya ndizi. Sasa ndizi zina haraka? Zivundikwe, zikamuliwe, pombe ichachuke. Kila siku ya kungoja ni usiku mwingine wa kulala peke yake. Ifute migomba ile, utabaki na mwanamume anayesema "nakupenda", kama wa kwetu kijiweni. Na watoto aliowazaa Kitereza na mkewe hawakuishi. Nyumba isiyo na mtoto hakuihadithiwa.

Msinielewe vibaya. Sitaki turudie yale mashairi ya kulisifu jembe yaliyofuata Azimio la Arusha la 1967, mengine yakitungwa na watu ambao mikono yao haikuwahi kuota sugu. Kusifu usichokijua na kucheka usichokijua ni ndugu wa tumbo moja.

Nasema hivi kwa sababu nimeumbuka. Niliandika hadithi ya bibi aliyepanda mihogo siku ya pili baada ya kumzika mwanawe, na kwenye arobaini akaichimba kuwapikia wageni. Kijiweni wakapiga makofi. Nikamsomea mama anayetuuzia mihogo ya kukaanga. Akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, mhogo gani wa siku arobaini? Hiyo si bado mizizi?" Kumbe mhogo hukaa ardhini miezi tisa, kumi, hata mwaka na zaidi. Bibi yangu yule hakuwahi kuwapo duniani, na msiba wake nao ukawa uongo.

Nimeiandika upya. Sasa wageni wa arobaini wamekwisha kuondoka na kusahau, bibi bado anapalilia. Mhogo unapokomaa, hayupo wa kumpikia. Hadithi hiyo sikuitunga mimi, imetungwa na mhogo.

Basi, wenzangu, likizo ijayo beba daftari. Wazee wetu wanaondoka. Waulize majina ya mbegu walizoziacha. Waulize shamba lile lilikuwa la nani zamani, na nani alihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji miaka ile ya 1970, akaacha miembe yake nyuma. Kisha mrudi kijiweni tusomeane.

Na atakayetaka kucheka, aniambie kwanza mhogo wake aliupanda mwezi gani.