Foleni ya steshenari si faida ya mwenye hisa

MWEKEZAJI anayetaka kujua kama wananchi wa Dar es Salaam wanahitaji kompyuta asiishie katikati ya jiji. Huko mashine nyingi zimewekwa mezani na mwajiri. Jibu liko pembezoni, kwa watu wanaotoa fedha mfukoni mwao: Tandika, Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, Tandale, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni.

Katika maeneo hayo, msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ukifika, steshenari hujaa. Mwanafunzi anajaziwa fomu, mzazi anatolewa kopi za vyeti, mwenye duka jirani anachapishiwa barua. Mpita njia atasema uhitaji wa kompyuta ni mkubwa. Mwekezaji makini atauliza kwanza: watu hawa wananunua nini hasa?

Hawanunui kompyuta. Wananunua dakika chache za kijana anayejua kuitumia. Mashine moja inahudumia mtaa mzima, na mwenye nayo hana sababu ya kununua ya pili mpaka ile ya kwanza izidiwe au ife.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 intaneti kafe zilikuwa zikijaa watu, na ilikuwa rahisi kuamini kwamba baada ya miaka kumi kila nyumba ingekuwa na kompyuta. Kumbe wateja walifuata barua pepe na habari za ndugu walio mbali. Nyaya za baharini za SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 zilipoleta intaneti ya kasi, na simu zilipoweza kuitumia, wengi waliiruka kompyuta.

Aidha, kuna suala la mtumba. Kompyuta iliyokwishatumika Ulaya ikiuzwa Kariakoo, muuzaji na fundi wanapata riziki, lakini kiwanda kilichoiunda kililipwa zamani, tena mara moja tu. Mauzo hayo hayamwongezei chochote mwenye hisa za kiwanda hicho.

Mwananchi anayenunua hisa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam (DSE) hawezi hata kuzipata humo hisa za watengenezaji wakubwa wa kompyuta duniani. Kilicho karibu zaidi ni kampuni ya simu. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza asilimia 25 ya hisa zake kwa Sh850 kila moja na kukusanya Sh476 bilioni. Uhitaji wa huduma zake ulionekana kwa macho, kwani vibanda vya M-Pesa vilikuwa kila kona. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata bei ya hisa hizo ilishuka chini ya ile ya kuanzia.

Kenya nako, hisa za Safaricom ziligombewa mwaka 2008 kwa Sh5 za nchi hiyo. Miezi michache baadaye zilikuwa chini ya bei hiyo, ingawa baadaye zilipanda mara nyingi zaidi. Wateja hawakuikimbia kampuni. Uhitaji wa kweli nao unaweza kununuliwa kwa bei ya juu mno, au kwa fedha ambayo mwenyewe hawezi kuisubiri.

Kwa mantiki hiyo, anayetaka kupima uhitaji azunguke mitaani mwezi ambao hauna msimu. Amuulize mwenye steshenari alinunua mashine lini, mpya au ya mtumba, kwa taslimu au kwa mkopo, na kama angekopa tena. Aulize anamaliza rimu ngapi za karatasi na vocha za kiasi gani, maana hizo hulipiwa tena na tena. Kisha majibu hayo ayalinganishe na hesabu za mwaka za kampuni anayoitamani, aone fedha ya Mbagala inaishia kwa nani.

Kazi hiyo inachosha, lakini wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kwa aliyebeba kiinua mgongo chake kwenda kwa dalali wa hisa, kuinama siku mbili kabla ya kununua ni gharama ndogo.