Nafasi Mbili za Kalamu Isiyokuja

Niliacha chuo, kwa hivyo sina digrii ya kutetea. Siku hizi nalipwa hapa Ukunda kupanga tasnifu za wenzangu, na nasema wazi: hii sheria ya Times New Roman, saizi 12, nafasi mbili, ni ushuru tu.

Fonti hiyo ilichorwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London, likaanza kuitumia 1932. Herufi zilibanwa makusudi ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba. Gazeti lenyewe liliiacha 1972! Sisi huku Kwale bado twatumia herufi za kubana, halafu twatanua mistari maradufu. Sasa twaokoa karatasi ya nani?

Ile nafasi, enzi za taipureta, iliachiwa kalamu ya mhariri. Sawa. Lakini kazi zinazorudi mezani kwangu, wino mwekundu ni wa pambizo na fonti, hoja haijaguswa. Na aliyechapa kwa simu kule Msambweni, simu isiyo na fonti hiyo, apande matatu tena aje kuprinti upya kurasa 80, kwa hela ya kukopa.

Wahadhiri, pokeeni faili, fonti yoyote inayosomeka. Mkishikilia nafasi mbili, basi andikeni humo.