Kantri Si Mali ya Wazungu

Wakenya tunaipenda kantri kupita kiasi. Jim Reeves huimba Krismasi nzima katika nyumba za Nyeri, Kericho na Kakamega, Kenny Rogers na Don Williams hawakauki kwenye baa za mijini, na Nairobi ina waimbaji wake wenyewe, akiwemo Sir Elvis, walioifanya kazi ya maisha. Lakini muulize shabiki muziki huu ni wa nani, atakujibu bila kufikiri: wa wazungu. Anayeupenda husema hivyo kwa unyenyekevu, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye meza ya watu. Asiyeupenda hutumia jibu hilohilo kumsuta mwenzake kwamba ametupa ya kwao akakumbatia ya wenyewe. Wote wawili wamekosea, na kosa lao linawadhulumu watu wenye majina, makaburi na kazi zinazosikika hadi leo.

Tuanzie Nashville, Tennessee, Desemba 1927. Kituo cha redio cha WSM, mali ya kampuni ya bima, kilirusha muziki wa mashambani kila Jumamosi usiku, na mtangazaji wake alikuwa George D. Hay. Usiku huo kipindi chake kilifuata saa nzima ya muziki wa okestra, ambayo mwishoni mwake wapigaji walijaribu kuiga mwendo wa garimoshi. Hay akamwita DeFord Bailey kwenye maikrofoni. Bailey alikuwa Mweusi, mjukuu wa mpiga fidla hodari, mfupi wa kimo kwa sababu polio ilimpata akiwa na miaka 3 ikamdumaza. Ala yake ilikuwa harmonika tu, kile kinanda cha kupuliza kinachoenea kiganjani.

Akapiga garimoshi. Kwanza mvuke unapumua polepole likijivuta kutoka kituoni, kisha magurudumu yanashika kasi, yanagonga maungio ya reli kwa mpigo mmoja usiokatika, kisha honi inakuja kwa mbali, inapita, inafifia. Bailey alijifunza sauti hizo utotoni akienda shule: alikuwa akisimama chini ya daraja la reli, anaziba macho kwa mkono, anasikiliza. Alipomaliza, Hay aliwaambia wasikilizaji kwamba kwa saa nzima walikuwa wakisikia muziki wa opera kubwa, na kuanzia sasa watasikia Grand Ole Opry. Jina likabaki. Jukwaa ambalo kila mwimbaji wa kantri hulala akiliota lilibatizwa pale pale, Mweusi akiwa ndio kwanza ameteremsha harmonika yake mdomoni.

Bailey alidumu hapo hadi 1941. Safarini jina lake lilivuta watu kwenye maonyesho ya wazungu chipukizi, Roy Acuff na Bill Monroe wakiwemo, ilhali hoteli walizolala wenzake zilimfungia mlango. Kisha mzozo wa malipo kati ya vituo vya redio na chama cha hakimiliki ulisababisha nyimbo zake maarufu zipigwe marufuku hewani, na kituo kikamfukuza. Miaka michache baadaye Hay, ambaye mzozo huo aliufahamu vizuri, aliandika kwamba Bailey aliondolewa kwa sababu alikuwa mvivu wa kujifunza nyimbo mpya. Mtu aliyetumia utoto wake kujifunza pumzi za garimoshi chini ya daraja aliitwa mvivu! Alibaki Nashville akiwang'arishia watu viatu, akafariki 1982. Jumba la Heshima la Muziki wa Kantri lilimpokea mwaka 2005, miaka 23 baada ya kuzikwa.

Wapo watakaosema huyo ni mmoja, nyota wa bahati katikati ya bahari ya wazungu. Hebu tuwatazame basi hao wanaoitwa waasisi wenyewe, Carter Family na Jimmie Rodgers, waliorekodiwa kwa mara ya kwanza katika wiki moja mjini Bristol, Agosti 1927. Tukiwachunguza hawa, dai lote linavunjika.

A.P. Carter alikuwa mkusanyaji wa nyimbo. Alipita vijijini na kwenye mitaa ya Weusi akiomba watu wamwimbie walichorithi kwa wazazi wao. Tatizo lake lilikuwa moja: maneno aliweza kuyaandika, lakini sauti za nyimbo zilimponyoka. Mtu aliyemtatulia tatizo hilo alikuwa Lesley Riddle, kijana Mweusi wa Kingsport, Tennessee, aliyepoteza mguu wa kulia kwenye ajali ya kiwanda cha saruji mwaka 1927, na ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa na upungufu wa vidole viwili. Akiuguza mguu ndipo alipozama kwenye gitaa, na upigaji wake ukawa ule uliowezekana kwa vidole alivyobakiwa navyo. Basi wakasafiri pamoja: Carter anaandika, Riddle anashika sauti kichwani. Wakirudi nyumbani, Riddle anawafundisha Sara na Maybelle, wenzake Carter katika kundi, wimbo ulivyokwenda. Maybelle Carter, ambaye upigaji wake wa gitaa umeigwa na vizazi vya wanamuziki, alijifunza mengi kwa kutazama vidole vya Riddle. Nyimbo zilisajiliwa kwa jina la A.P. Carter. Riddle alihamia Rochester, New York, akauza gitaa lake, na dunia ingemsahau kabisa kama Maybelle asingemtajia habari zake mtafiti Mike Seeger, aliyemtafuta hadi akampata mwaka 1965. Santuri ya Riddle mwenyewe ilitolewa 1993, naye alikuwa amekwisha kufariki.

Jimmie Rodgers alikuwa kibarua wa reli huko Meridian, Mississippi, na nyimbo zake za kuyodeli zimejengwa juu ya bluzi aliyoisikia kwa vibarua Weusi waliotengeneza njia ya reli. Julai 1930 alirekodi wimbo wa tisa katika mfululizo wake wa nyimbo hizo. Tarumbeta inayojibizana na sauti yake ni ya Louis Armstrong, na piano ni ya Lil Hardin Armstrong. Majina yao hayakuandikwa kwenye santuri. Hank Williams naye alifundishwa gitaa na Rufus Payne, mwanamuziki Mweusi wa barabarani huko Alabama, aliyefariki fukara mwaka 1939. Bill Monroe, anayeitwa baba wa bluugrasi, alipiga dansi za vijijini Kentucky akiwa pamoja na Arnold Shultz, mpiga gitaa na fidla Mweusi, na hakuficha deni hilo. Kila mlango wa nyumba ya kantri unaoufungua, nyuma yake kuna mwalimu Mweusi.

Basi imani hii ilitoka wapi? Ilitoka dukani. Mwaka 1920 santuri ya bluzi ya mwimbaji Mweusi Mamie Smith iliuzwa sana kwa Weusi, na kampuni za santuri zikagundua soko. Zikatengeneza orodha mbili: moja ya kuwauzia Weusi, nyingine, ya muziki wa mashambani, ya kuwauzia wazungu wa Kusini. Wakati huo Weusi na wazungu wa Kusini walikuwa wakipiga nyimbo nyingi zilezile kwa fidla na banjo zilezile, kwenye dansi za vijijini. Lakini mpiga fidla Mweusi alipofika mbele ya kinasa sauti aliambiwa wateja wa rangi yake wanataka bluzi. Fidla yake ikarudi nyumbani bila kurekodiwa, ya mzungu ikarekodiwa, na baada ya miaka 30 ya santuri hizo watu wakaamini kwamba Mweusi hakuwahi kushika fidla. Mkenya anayesema leo kantri ni ya wazungu anarudia tangazo la wauza santuri wa miaka ya 1920, waliotaka kuridhisha ubaguzi wa zama zao ili wapate faida.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nyimbo nyingi za masimulizi zilitoka Uskochi, Uingereza na Ayalandi, na fidla ni ya Ulaya. Sikatai, na sitaki kumnyang'anya mtu chake. Ninachokataa ni hesabu inayoishia hapo, maana banjo nayo ina kwao. Ukiishika akonting ya Wajola wa Gambia na Senegali utaona kibuyu kilichowambwa ngozi, mpini wa mti, na nyuzi tatu, mmoja wao mfupi wa kupigwa kwa kidole gumba. Mpigaji hushusha ukucha wa kidole juu ya uzi mrefu, kisha gumba linajibu kwenye ule mfupi. Nenda milima ya Appalachia, utakuta upigaji wa kale wa banjo ni huohuo: ukucha chini, gumba linajibu. Thomas Jefferson, aliyemiliki mamia ya watumwa, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba chombo hicho watumwa walikuja nacho kutoka Afrika. Katika karne ya 19 wazungu waliojipaka masizi usoni wakakibeba hadi majukwaani kuwadhihaki Weusi, na ndipo kikaanza kuonekana cha wazungu.

Dhuluma hii haikuishia enzi za gramafoni. Charley Pride, mtoto wa mashamba ya pamba ya Mississippi, alipotoa nyimbo zake za kwanza mwaka 1966, vituo vya redio vilitumiwa santuri bila picha yake ili visimkatae kabla ya kumsikia. Mwaka 1971 alitangazwa mburudishaji bora wa mwaka wa chama cha muziki wa kantri. Mwaka 2019 wimbo wa msanii Mweusi Lil Nas X uliondolewa kwenye chati ya kantri kwa madai kwamba haukuwa na kantri ya kutosha. Ukakaa wiki 19 kileleni mwa chati kuu ya Marekani. Beyoncé, mzaliwa wa Houston, Texas, alipotoa wimbo wa kantri mwaka 2024, wapo waliouliza amefuata nini huko. Banjo inayoufungua wimbo huo imepigwa na Rhiannon Giddens, ambaye akiwa kijana alikaa miguuni pa Joe Thompson, mzee Mweusi wa North Carolina, kujifunza fidla ambayo kampuni za santuri hazikuitaka.

Na sisi? Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey alifika katika nchi ya Wakipsigis akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Alikuta wasichana wanamwimba Chemirocha, huku kinubi kikiwasindikiza. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikwisha kufika Kericho. Walimfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu, nusu swala. Wimbo huo huzungumzwa mara nyingi kama kichekesho cha washamba waliostaajabia gramafoni. Nakataa kabisa. Wasichana wale walisikia gitaa na bluzi ambavyo Rodgers alivichota kwa wajukuu wa Afrika kandokando ya reli ya Meridian, wakavipatia mahali ndani ya muziki wao. Hawakuomba ruhusa ya mtu, na hawakuona wanakopa.

Kwa hiyo nawaambia watangazaji wetu wanaotupigia kantri kila Jumapili na kutueleza maisha ya Jim Reeves hadi ajali ya ndege iliyomuua: mkiwapiga Carter Family, mtajeni Riddle. Mkimpiga Hank Williams, mtajeni Payne. Na yupo mmoja ambaye sidhani mmewahi kumpiga. Linda Martell wa South Carolina alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuimba peke yake kwenye Grand Ole Opry, mwaka 1969, akatoa albamu moja mwaka 1970 na kampuni iliyoitwa Plantation, kisha milango ikafungwa. Alikuwa na miaka 82 Beyoncé alipomshirikisha kwenye albamu yake ya kantri. Ile ya 1970 ipo mtandaoni. Fungueni nayo kipindi Jumapili ijayo, na jina lake mlitaje kabla ya wimbo na baada ya wimbo.