Benki ilisema niko kava, kaunta ikasema lipa

Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, na wengi wenu mmejaa inboksi mkiniuliza kuhusu kukodi gari Cape Town. Kule wanaendesha kushoto kama sisi, na barabara ni safi. Kinachoniuma ni ile ahadi ya benki: lipia gari kwa kadi yetu ya mkopo, bima ni juu yetu.

Mimi niliimeza nzima. Pale kaunta wakaniuliza kama nataka bima yao, nikakataa kwa madaha. Basi wakashikilia randi 18,000 kwenye kadi yangu kama dhamana, zaidi ya laki moja ya kwetu. Limiti ikabaki ya kununua chai na mandazi. Siku ya tatu, niko N2 naelekea Hermanus, lori likarusha kokoto. Kioo cha mbele, pwaa!

Kumbe kampuni ya magari haijui stori zako na benki. Inakata pesa yake siku hiyo hiyo, halafu wewe ndiye unabaki kukimbizana na watu wa bima ukiwa na mkataba, risiti na picha. Nilingoja wiki sita. Jibu: vioo na magurudumu haviko. Na ni kweli iliandikwa kwenye masharti, ukurasa ambao, wacha niseme tu, sikuufungua.

Kwa hivyo mtu akiniambia hii bima ni ya bure, nabisha. Ni ya mwenye pesa ya kulipa kwanza halafu angoje kurudishiwa. Sisi wa limiti ndogo tunabaki na deni linalozaa riba. Tena kadi nyingi zinalipia gari ulilokodi pekee. Ukigonga mtu au gari lake, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na ole wako ulipie kwa kadi ya dadako halafu uendeshe wewe. Jina la kadi na la dereva yasipolingana, usitegemee chochote.

Desemba narudi huko. Nimeandikia benki barua pepe yenye maswali mawili: vioo mnalipa? Na nikigonga mtu? Wiki ya pili sasa, kimya. Nimeshaweka bima ya kaunta kwenye bajeti, hata kama nitalala hosteli ya vitanda kumi.